Damu ya Konokono Njiani

Mmeniuliza wote, kila mmoja kwa namna yake. Mama Deus aliuliza kama ni kweli nilikwenda Ulaya kupeleka konokono. Leokadia, niliyesoma naye sekondari, anataka kujua kwa nini nimerudi mkimya. Nimejaribu kuwasimulia kibarazani, lakini kila nikifika Magu mtu anakumbuka kaacha maharage motoni. Basi naandika yote kwa mkupuo, msome kwa zamu. Habari za viza na tiketi naziruka, maana hazina ladha hata kidogo.

Kwa wale wanaonifahamu mtaani tu: mimi ni fundi wa maabara, na kazi yangu ni konokono wa kichocho. Damu yao ni nyekundu kama yetu. Ndani yake mna molekuli kubwa inayobeba hewa, kubwa kuliko ile iliyo katika damu yangu na yako, ingawa bado ni ndogo mno kwa jicho na kwa darubini ya kawaida. Kulikuwa na bwawa moja pembeni mwa ziwa, tope jeusi tupu, maji yake hayana hewa ya kumtosha hata sato, lakini konokono walinenepa humo. Daktari Ulrike, Mjerumani aliyewahi kufanya kazi nasi, alitaka kujua molekuli ya konokono hao ina umbo gani hata iweze kukusanya hewa mahali pasipo na hewa.

Kabla hajapata jibu, bwawa likafukiwa, ghala la samaki likajengwa juu yake. Siku hizi za soko huria kila kipande cha ufukwe kina mwenyewe. Damu iliyobaki ya konokono wale ilikuwa ile niliyoikamua mwenyewe, ndani ya mirija myembamba, imegandishwa katika mtungi wa naitrojeni. Naitrojeni hiyo ni maji yenye baridi isiyosemeka, na huchemka polepole na kupotea hewani kwa kuwa dunia nzima ni moto kwake. Ikiisha kabla sijafika, damu inayeyuka, na hakuna bwawa la kurudia.

Mimi nilikuwa na langu pia. Damu ile nimeipima, nimeizungusha kwenye mashine, nimeiota usingizini, lakini sijapata kuiona yenyewe. Daktari aliniahidi kwamba nikiifikisha ikiwa imeganda nitaiona kwa macho yangu. Nilikuwa tayari kutembea kwa miguu.

Uwanjani, na kurudi Mirongo

Mpango ulikuwa kuruka kwa ndege ndogo hadi Nairobi. Rubani alikuwa kijana mpole mwenye shati jeupe. Aliutazama mtungi wangu, akautazama ule mvuke mweupe unaoteremka pembeni yake, akakunja mikono.

"Mama, hicho kinachochemka ni nini?"

"Ni baridi, kapteni. Hakina moto."

"Baridi haitoi moshi."

Nilimweleza kwamba hata pumzi ya mtu huonekana asubuhi ya baridi. Alisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema abiria wake hawatamsikiliza yeye kwa heshima hizo wakiuona moshi huo angani. Ndege ikaondoka, mimi nikabaki na mtungi kando ya majani, nikiiangalia inavyokuwa ndogo juu ya ziwa.

Nilirudi mjini nikiwa na hasira za kutosha kuendesha boti. Pale Mirongo nikaingia dukani kwa Bwana Harshad, muuza vipuri, ambaye baba yake ndiye aliyemuuzia baba yangu baiskeli. Lori lake lilikuwa linapakia magunia ya mchele kwenda Sirari, mpakani, lirudi na sabuni na mafuta ya kupikia.

"Dada Vene, kaa mbele na dereva," alisema. "Lakini chungu chako kisilipuke kwenye gari yangu."

"Hakilipuki, mradi kisikazwe kifuniko. Kinataka kupumua."

"Basi kipumue. Sisi wote tunapumua."

Mkewe akanifungia chapati na achari ya embe kwenye kitambaa, akaniambia huko Ulaya chakula chao hakina chumvi. Baadaye niligundua kuwa alikuwa ananihurumia kwa haki.

Mirongo hadi Magu

Dereva aliitwa Makoye, Msukuma mnene mwenye sauti ndogo. Mtungi niliuweka katikati ya miguu yangu. Kwa kuwa ule mvuke ni mzito, haupandi juu, unashuka, na muda si mrefu vidole vyangu vikapotea chini ya ukungu. Ziwa lilikuwa upande wa kushoto, linatokea nyuma ya mawe, linapotea, linatokea tena. Nilihisi kama tunaendesha gari juu ya wingu, na nikawa sina haraka na chochote.

Niliwaza maji. Daktari alinifundisha kwamba maji yakiganda taratibu, kama ya kwenye friji, hujipanga kuwa vipande vyenye ncha, na ncha hizo huchanachana kila kilicho ndani. Lakini ukichukua utando wa maji mwembamba kupita kiasi, ukautumbukiza ghafla kwenye baridi kali mno, maji hayapati nafasi ya kujipanga. Yanasimama yalivyokuwa. Chochote kilichokuwa kinaogelea ndani yake kinasimama pia, kikiwa bado kimelowa. Zamani ilibidi kukausha na kupaka rangi ili kuona, na unachokiona ni kama dagaa wa kwenye gunia, si dagaa wa ziwani. Huko niendako ningeiona molekuli yangu ikiwa majini.

Magu tulisimama kula. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji, na maji yametulia kiasi kwamba mawingu yalionekana ndani yake bila kukunjika. Mama ntilie alitupa wali na sangara wa nazi. Watu walizunguka lori kuutazama mtungi, kwa sababu ambayo ni lazima niiseme: mtungi tuliazimwa na watu wa mifugo. Ni ule ule wanaobebea mbegu za fahali za kupandishia ng'ombe, na ubavuni ulikuwa bado na picha ya kichwa cha fahali. Hata mirija ilikuwa ya kwao.

"Siku hizi bwana mifugo ni mwanamke?" mzee mmoja aliuliza.

"Ndiyo," Makoye akajibu akitafuna, "na ameleta fahali wa Ulaya."

Nikawaeleza kwamba ni damu ya konokono. Walicheka zaidi kwa jibu langu kuliko kwa jibu la Makoye.

Mto umejaa

Mbele ya Magu mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na mto ulikuwa unapita juu ya barabara. Magari yalikuwa yamepangana, madereva wamelala chini ya malori yao. Makoye alitazama maji, akazima gari, akasema kesho. Alisema neno hilo kwa furaha fulani iliyoniudhi.

Alinipeleka kwa mtu anayemfahamu, Mzee Ng'wandu, mfugaji mwenye boma kubwa karibu na barabara. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akapokea mizigo yangu mwenyewe. Mkewe, Mama Kabula, alituletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, na kibuyu cha maziwa mgando. Nilikula kama mtu aliyelima. Mzee hakula. Alikaa kwenye kigoda karibu na mtungi, macho hayabanduki kwenye ile picha ya fahali.

"Binti," alisema mwishowe, "nina ng'ombe mmoja wa kisasa. Nilimpata kwa taabu. Leo analia tangu alfajiri, anataka dume. Nikimpa hawa madume wangu, ndama atarudi kuwa mdogo kama wa kwetu."

"Bwana mifugo haji?"

"Alikuwa anakuja na pikipiki ya serikali. Sasa wanasema kila mtu ajihudumie. Bruda wa misheni anazo mbegu, lakini ameniambia ni za ng'ombe wa misheni tu."

"Pole sana, mzee. Ningekuwa nazo ningekupa. Hapa ndani mna damu ya konokono, naipeleka mbali ikachunguzwe."

Hakukasirika. Alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha kunyimwa vitu kwa maneno ya adabu.

"Haya," akasema. "Pumzika."

Mchana ule nilikwenda na Makoye kuangalia mto. Tuliketi juu ya jiwe. Maji ya kahawia yalipita na matawi, na kuku mmoja aliyesimama juu ya gogo kama abiria aliyelipa nauli. Niliyatazama mpaka nikaona ni jiwe letu ndilo linalosafiri na maji yametulia. Nilisinzia hivyo hivyo nikiwa nimekaa, na nilikuwa na raha.

Tuliporudi, Mzee Ng'wandu alikuwa amepiga magoti sebuleni. Kifuniko cha mtungi kilikuwa pembeni. Mbele yake palikuwa na kikombe cha bati cha maji ya uvuguvugu, na ndani ya kikombe ilikuwa mirija yangu, imesimama kama vijiti vya kibiriti.

Nilielewa pale pale. Kila mfugaji aliyewahi kumwona bwana mifugo kazini anajua utaratibu: unauvuta mrija kutoka kwenye moshi, unautia kwenye maji ya vuguvugu uyeyuke, ndipo unamwendea ng'ombe. Mzee alikuwa ameutazama utaratibu huo mara nyingi akaushika vizuri. Tatizo ni kwamba mirija niliifunga mafungu mawili, na yeye alikuwa anatumia koleo la mkaa. Hakuweza kunyofoa mmoja. Alitoa fungu zima.

Nilichukua mrija mmoja, nikaukata ncha kwa meno, nikamdondoshea tone kiganjani. Lilikuwa jekundu.

"Ni damu," alisema polepole.

"Nilikuambia, mzee."

"Nilidhani unawawekea wakubwa wa Musoma."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na sioni aibu kusema. Nusu ya bwawa zima ilikuwa ndani ya kikombe cha bati. Damu ile isingeweza kugandishwa mrijani mara ya pili; ingechanika ndani kwa ndani. Na kibaya zaidi, mtungi ulikuwa umekaa wazi muda mrefu. Nilipochovya kijiti kupima, naitrojeni iliyobaki ilikuwa kidogo, isingefika Nairobi.

Kwa tela la ng'ombe

Mama Kabula ndiye aliyekuja kunitoa nyuma ya nyumba. Alisema, "Njoo. Mzee anafunga tela."

Na kweli, Mzee Ng'wandu alikuwa amefunga maksai wawili kwenye tela la kubebea pamba, ametandika majani makavu, na juu ya majani ameuweka mtungi wangu, kifuniko kimerudi mahali pake, akiwa ameushikiza kwa mito ya ndani kwake. Hakunitazama usoni.

"Bruda ana mtungi kama huu," alisema. "Ana hayo maji ya moshi. Tutamwomba."

Nyuma ya tela alikuwa amemfunga yule ng'ombe wa kisasa. Nilimwuliza ng'ombe anakwenda wapi.

"Bruda akimwona mgeni aliyetoka mbali ana shida, huenda moyo wake ukalainika," alijibu. "Ukilainika, ng'ombe awe karibu."

Nilicheka na machozi bado yapo. Kuanzia hapo sikuweza tena kumkasirikia sawasawa.

Njia ilipita katikati ya majaruba ya mpunga. Maksai walikwenda mwendo wao, ng'ombe nyuma akilia kila baada ya muda, mvuke ukishuka kati ya mbao za tela na kubaki nyuma yetu juu ya nyasi. Ndege weupe walikuwa wakichakura kwenye maji na hawakuruka tulipopita. Nilimweleza mzee habari za maji yanayosimama bila kuwa barafu. Alisikiliza bila kugeuka.

"Kwa hiyo hiyo damu itasimama, haijui kama imekufa," alisema.

"Ndivyo."

"Na wewe utaiona."

"Nimeahidiwa."

Akawachapa maksai kidogo, kwa heshima tu, mwendo haukubadilika.

Bruda alikuwa mtu mrefu, mwenye viatu vya mpira. Alisikiliza kisa chote akiwa amesimama, akamtazama Mzee Ng'wandu, akamtazama ng'ombe, akaelewa kila kitu. Naitrojeni yake ilikuwa ya kubania, maana yeye naye ana mbegu zake za kulinda. Hata hivyo alivaa glavu, akanimiminia, na ukungu ukafunika miguu yetu sote, na ya ng'ombe pia. Nilitamani aendelee kumimina mpaka jioni. Kisha akaingia ndani, akatoka na mrija na kikombe cha maji ya uvuguvugu.

"Mara hii moja," alimwambia mzee.

Mzee alivua kofia. Asubuhi yake mto ulikuwa umeshuka, na Makoye alipoliwasha lori Mama Kabula alinitilia mapajani mfuko wa michembe, akasema nikatulize nayo njaa ya ugenini.

Sirari hadi juu ya mawingu

Bunda, Musoma, Tarime, vyote nilivipita nimeukumbatia mtungi. Sirari nilimuaga Makoye, nikavuka, nikapanda basi la Kisumu na jingine la Nairobi. Njia nzima nilikula michembe, nikaeleza damu ya konokono kwa Kiswahili cha kwetu, nikajibiwa kwa Kiswahili cha kwao, na hakuna aliyeamini kwa lugha yoyote.

Nairobi rafiki wa Daktari alihamisha mirija yangu kwenye mtungi mwingine, ambao naitrojeni hunyonywa na kuta zake, haimwagiki wala haitishi watu wa ndege. Ndipo nikaruka. Dirishani hapakuwa na kitu ila weupe. Nikaota niko bwawani, nimesimama kwenye tope, na konokono wote wananitazama bila hofu.

Chumba cha darubini

Daktari Ulrike alinipokea kwa kunikumbatia na kunilisha mkate mkavu na jibini baridi. Kwetu chakula baridi hupewa mtu aliyechelewa, kwa hiyo nilidhani nimekosea saa, nikaomba radhi. Yeye akadhani sipendi jibini, naye akaomba radhi. Tuliendelea kuombana radhi mpaka akatoa viazi.

Damu ilifika ikiwa imeganda. Aliponiambia hivyo nilikaa chini sakafuni. Akaiyeyusha kidogo kidogo, akaweka tone juu ya kiwavu cha shaba kidogo kama punje ya dengu, kilichofunikwa utando wenye matundu mengi yasiyoonekana. Akakausha kwa karatasi mpaka ukabaki utando wa maji tu ndani ya matundu, kisha kifaa kikakidondosha kiwavu ndani ya baridi. Kufumba na kufumbua. Maji ya bwawa letu yalikuwa yamesimama.

Darubini ilikuwa mnara wa chuma uliofika darini, katika chumba chenye giza na utulivu. Nilivuta kiti nikae karibu. Na hapo ndipo niliposhangaa, kwa sababu hakuna aliyetazama. Daktari alinieleza kwa upole: miali inayotuonyesha kitu ndiyo hiyo hiyo inayokiharibu. Molekuli iliyolowa inavumilia miali kidogo sana, ya kutosha picha moja tu. Kwa hiyo unarekebisha mitambo ukilenga pembeni, halafu unasogea kwenye tundu lenyewe, mlango unafunguka na kufungwa, filamu inaona. Wewe huoni.

Nilikaa kwenye giza lile nikisikiliza mlango ukibofya. Filamu zilipooshwa zilionekana kama mchanga wa kijivu. Utando wa maji ulikuwa mnene, molekuli zimelaliana, na Daktari alisema kompyuta itazijumlisha maelfu kwa maelfu mpaka umbo litoke, huenda baada ya mwaka. Alisema damu imetosha, kwa shida, lakini imetosha. Nilifurahi kwa ajili ya kazi. Kwa ajili yangu nilikuwa na huzuni, na nilijitahidi isionekane.

Daktari alikuwa ameiona huzuni hiyo. Siku ya mwisho aliniita. Katika kiwavu cha mwisho alikuwa amebakiza tundu moja, zuri kuliko yote, maji yake membamba, molekuli zimeachana.

"Hili si la kazi, Veneranda," alisema. "Hili ni lako. Nikipiga picha itatoka safi, hata mtu asiye na elimu hii ataona. Utakwenda nayo nyumbani, uwaonyeshe wenzako. Au nitaongeza miali, na wewe utazame. Lakini ukitazama inakwisha. Haiwezekani vyote viwili."

Niliwafikiria. Nawaambia kweli, niliwafikiria mmoja mmoja, Mama Deus, Leokadia, wenzangu wa maabara, mkiipokezana picha kibarazani. Nilimfikiria Mzee Ng'wandu pia. Daktari hakuniharakisha.

Kisha nikainama kwenye kioo cha darubini.

Mwanzoni ilikuwa kijani hafifu tu. Macho yalipozoea nikaziona. Duara ndogondogo, nyingine zimelala ubavu, nyingine zimenigeukia uso, kila moja peke yake na maji yake pembeni. Zilikuwa zimetulia kabisa. Nilizihesabu kwa midomo bila sauti, kama ninavyohesabu konokono, na nilijua ninatazama bwawa letu, kipande chake cha mwisho, siku ile ile niliyolichota. Halafu pembeni maji yakaanza kutoa mapovu. Povu moja, jingine, yakaja katikati, na duara zikafumuka moja baada ya nyingine mpaka tundu likabaki tupu.

Daktari aliuliza kwa sauti ndogo kama niliona. Nikamwambia niliona.

Kwa hiyo msinitafutie picha mkobani.